Kufufua Spika za Zamani: Kipi Kibaki, Kipi Kibadilishwe? (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Majibu haya yanahusu spika za nyumbani za kati ya miaka ya 1955 na 1985: AR (Acoustic Research), JBL, KEF, Tannoy, spika za BBC na ndugu zao. Spika za disko na za kutangazia hadharani zina mambo yake, hazimo humu.

Nimepata jozi ya spika za zamani. Naweza kuziunganisha nikasikiliza kwanza?

Usiziunganishe bado. Woofa (spika kubwa ya besi) ambayo ukingo wake (pete laini inayoshikilia koni kwenye fremu) umeoza ikipigwa kwa sauti kubwa dakika chache tu, koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) inahama katikati na kuanza kujisugua kwenye sumaku, na hapo kazi ya gundi ya siku mbili inageuka kuwa kazi ya kufuma koili upya. Anza na picha: nyuma, mbele, lebo, namba za kila spika ndani ya boksi, na rangi ya kila waya mahali ulipofungwa. Kisha fungua skrubu na utoe spika moja baada ya nyingine.

Weka mita kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma takriban 5.5 hadi 7. Ya omu 4 husoma karibu 3. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, au uzi laini unaotoka kwenye koni kwenda kwenye terminali umekatika, na huo hurekebishika kirahisi zaidi. Halafu sukuma koni taratibu kwa vidole vinne vilivyotandazwa kuzunguka katikati. Ikikwaruza, ama koili imehama ama kuna kutu au uchafu kwenye mwanya wa sumaku. Vyote vikiwa sawa, ndipo unaweza kuunganisha na kusikiliza kwa sauti ya mazungumzo.

Watu wanabishana sana kuhusu "uhalisi". Nyinyi mnaupima vipi?

Kwa vipimo, si kwa umri wa kifaa. Spika iliyotoka kiwandani mwaka 1970 ikiwa na kapasita ya mikrofaradi 6 haibaki halisi kwa sababu tu kapasita ile ile bado imo ndani, kama leo inasoma 8.5. Aliyeweka mpya ya 6 ndiye aliyeirudisha spika kwenye uhalisi wake. Kwa hiyo vitu vilivyoundwa vikijulikana kwamba vitachakaa (ukingo wa sponji, kapasita za maji yaani za elektroliti, gundi, gasketi) vibadilishwe bila huzuni, mradi vipya viwe na thamani ile ile. Vitu vinavyoipa spika sauti yake (koni, twita yaani spika ndogo ya sauti za juu, ukubwa wa boksi, mpangilio wa krosova yaani saketi inayogawa sauti kati ya woofa na twita) viachwe. Na lolote utakalofanya, lifanye kwa namna ambayo fundi mwingine ataweza kulirudisha nyuma kwa bisibisi na pasi ya risasi. Ukishatoboa boksi, hakuna kurudi.

Ukingo wa woofa umegeuka unga. Naubadilishaje?

Hii ndiyo kazi inayoulizwa kuliko zote, na anayeweza kusubiri gundi ikauke anaiweza.

Sponji ya ukingo huliwa na unyevu na hewa. Hata spika isiyopigwa huoza ikiwa kabatini. Kabla ya kununua ukingo mpya, usiamini maandishi ya "inchi 10" peke yake. Pima vitu vinne: kipenyo cha koni ukingoni, tundu la ndani la ukingo wa zamani, upana wa mkunjo wenyewe, na kipenyo cha nje panapogusa fremu. Angalia pia kama mdomo wa ndani ni bapa au umelala kwa pembe kufuata koni, na kama ulibandikwa juu ya koni au nyuma yake. Hilo la mwisho huonekana tu kabla hujakwangua, kwa hiyo piga picha.

Ziba kwa utepe wa karatasi matundu yote yanayoelekea kwenye sumaku, likiwemo la nyuma. Ng'oa kwanza pete ya mapambo ya fremu. Kwangua sponji ya zamani kwenye fremu kwa wembe mpana. Kwenye koni ya karatasi punguza nguvu: lowesha kidogo kwa spiriti kwa pamba, subiri dakika moja, sugua kwa kidole. Usitumie thina, kwani huyeyusha rangi ya koni na gundi zilizo karibu. Tabaka jembamba la gundi ya zamani iliyo ngumu na iliyoshika vizuri liache, ni afadhali kuliko kuchana karatasi.

Bandika ukingo kwenye koni kwanza. Gundi inayofaa ni ile nyeupe ya maji inayokauka ikawa angavu na kubaki inanepa. Inakupa kama dakika kumi za kusogeza. Gundi ya viatu hushika papo hapo na haikupi nafasi ya pili, supagluu hufanya ukingo uwe mkavu na kupasuka, na silikoni huacha mafuta ambayo hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake milele. Bana kwa vidole kuzunguka duara, kisha acha siku nzima.

Siku ya pili ndipo unabandika upande wa fremu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu sasa unaamua koili itakaa wapi. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya vipande. Kata kofia ya katikati ya koni kwa wembe mpya, ukiacha mdomo wa milimita moja au mbili. Ingiza vipande vinne vya filamu ya zamani ya eksirei kati ya koili na nguzo ya sumaku, kila kimoja mkabala na mwenzake, vibane kiasi cha kutoyumba. Paka gundi, laza ukingo kwenye fremu, bana kwa vibanio vya nguo kumi na viwili hivi, acha siku moja. Toa vipande, jaribu kusukuma koni, kisha rudisha kofia au weka nyingine ya kipimo na uzito ule ule. Kofia nzito hubadilisha sauti ya katikati.

Ya pili haihitaji kukata kitu. Gundi ikiwa bado mbichi, ipe woofa toni ya 30 Hz kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, kwa sauti ndogo hadi koni itembee milimita tano hivi kwa jumla. Sogeza ukingo kwa kidole hadi mkwaruzo wote uishe, kisha bana. Kwa spika ambayo spaida yake (kile kitambaa chenye mikunjo kilicho chini ya koni) bado iko imara, njia hii inatosha, na kofia halisi inabaki. Kwa woofa nzito za inchi 12 zilizokaa wima miaka hamsini, tumia vipande.

Muuza vipuri anasema ukingo wa mpira hudumu zaidi. Niweke huo?

Ni kweli hudumu zaidi. Lakini ni mzito na una ukakamavu tofauti, kwa hiyo woofa iliyopimwa na wahandisi ikiwa na sponji hubadilisha mlio wake wa asili, na katika boksi lililofungwa kabisa besi haikai tena pale ilipokuwa. Kama ilitoka na sponji, rudisha sponji. Kama ilitoka na mpira, kama woofa ya B110 ya KEF, na mpira bado unanepa, usiuguse kabisa.

Spika zangu za AR zina ukingo wa kitambaa, si sponji. Zinahitaji nini?

AR za miaka ya mwanzo zilikuwa na ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa ya kuziba hewa. Kitambaa hakiozi, dawa ndiyo inayokauka. Fanya jaribio hili boksi likiwa limefungwa: sukuma koni ndani taratibu, kisha iachie ghafla. Ikirudi polepole, kwa sekunde moja au mbili, hewa haipiti. Ikiruka mara moja, kuna mahali panapovuja: ukingo, gasketi, au kwenye terminali za nyuma. AR ilijengwa juu ya wazo la mwasisi wake Edgar Villchur la mwaka 1954 kwamba hewa iliyofungwa ndani ndiyo springi ya woofa, kwa hiyo tundu dogo tu linaharibu hesabu yote.

Ikiwa ni ukingo, upake dawa maalumu ya ukingo wa kitambaa isiyokauka kabisa, tabaka moja jembamba kwa brashi. Ukijaza rangi au gundi ya mbao kitambaa kitakakamaa na besi itakufa. Huu ndio ukarabati tunaouona umeharibiwa mara nyingi zaidi, na kuuondoa ni vigumu.

Kapasita za krosova: zote, baadhi, au hakuna?

Pima kwanza. Chomoa mguu mmoja wa kila kapasita kwenye krosova, kisha tumia mita ya kapasita inayosoma pia ukinzani wa ndani. Za maji zenye kutofautiana na thamani yake kwa zaidi ya asilimia 10, au zenye ukinzani wa ndani uliopanda, zitoke. Za plastiki za zamani mara nyingi bado ni nzima. Ziache.

Swali gumu ni ubadilishe kwa aina gani. Chukua AR-3a ya mwaka 1967: krosova yake ina kapasita za mikrofaradi 150, 50 na 6, na hukata kwenye 575 Hz na 5,000 Hz. Kuweka plastiki ya mikrofaradi 150 ni ghali na haitoshi ndani ya boksi. Weka za maji zisizo na chanya na hasi kwa 150 na 50, na plastiki kwa 6 ya twita. Zote ziwe za volti 100.

Kuna mtego hapo, na ndiyo asili ya malalamiko ya "nilibadilisha kapasita sasa twita inachoma masikio." Kapasita ya maji ina ukinzani wake wa ndani, na mhandisi aliusikia alipokuwa akitengeneza. Ya plastiki haina karibu kabisa. Ukibadilisha bila kufikiri, twita inapata sauti zaidi. Funga rezista ya omu 0.2 hadi 0.5, wati 5, kwa mfululizo na kapasita mpya, sikiliza, linganisha. Ni marekebisho madogo na huondolewa kwa dakika moja.

Na hadithi ya kwamba kapasita mpya zinahitaji saa mia "kuiva": masikio ndiyo yanayoiva.

Dukani wana kapasita zenye alama ya hasi tu. Zinafaa?

Hapana, hizo ni za pawasaplai. Muziki ni umeme wa kwenda na kurudi, na kapasita yenye hasi ikipigwa kinyume hupashika moto na hatimaye hufura. Ukibanwa kabisa, chukua mbili za thamani mara mbili na uzifunge mgongo kwa mgongo, hasi kwa hasi. Mbili za mikrofaradi 22 zinakupa 11. Ni suluhisho la muda wakati unasubiri mzigo.

Koili za krosova, waya za ndani, terminali za kisasa?

Koili za shaba hazizeeki. Ukiweka yenye waya mnene unapunguza ukinzani uliokuwemo kwenye hesabu ya woofa, na hilo si uboreshaji. Waya za ndani ziache, isipokuwa shaba imegeuka kijani. Terminali: safisha kwa dawa ya mawasiliano ya umeme (contact cleaner) na kitambaa. Usitoboe boksi kuweka zile kubwa za dhahabu. Kama waya zako mnene haziingii, lehemu vipande vifupi vya waya mwembamba kwenye ncha zake.

Vile vizungusho vya nyuma vya twita na katikati vinakwaruza, au upande mmoja haulii kabisa.

Huyu ndiye mkosaji wa kwanza kwa spika za AR, na mara nyingi pia kwa JBL L100 (vyake viko mbele). Watu wengi wamenunua twita mpya kumbe twita nzima, kizungusho ndicho kimeshika kutu. Nyunyiza dawa ya mawasiliano, kizungushe mara thelathini kutoka mwisho hadi mwisho. Kikikataa, kifungue na usugue njia yake kwa kifutio cha penseli. Kikiwa kimeliwa, weka kipya chenye omu zile zile. Vinavyouzwa kwa spika za omu 8 havilingani na vya AR.

Twita za zamani ni dhaifu. Kwa nini nisiweke za kisasa?

Kwa sababu krosova ilipimwa kwa ile ya zamani. Twita mpya inayolia desibeli 3 juu zaidi kwa wati ile ile inahitaji krosova nyingine, na ukishafanya hivyo una spika mpya ndani ya boksi la zamani. Si dhambi, ila usiiite ukarabati.

LS3/5A ya BBC ndiyo mfano mzuri. Ilibuniwa kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ikiwa na twita ya T27 na B110 za KEF. Vipande vya feliti vilivyoizunguka twita na wavu uliofunika mbele yake si mapambo: viliingizwa kwenye vipimo, na hata hesabu ya krosova ilivitegemea. Anayevitoa ili "twita ipumue" anaharibu alichokinunua.

Twita inayosikika imezibwa si lazima iwe imekufa. Nyingi za miaka ya 1980 zina mafuta yenye chembe za sumaku kwenye mwanya wa koili, na mafuta hayo hukauka yakawa kama lami. Fungua, futa mwanya kwa karatasi nene iliyokunjwa hadi itoke safi, weka kiasi kipya kama kilichopendekezwa kwa koili hiyo. Twita isiyokuwa na mafuta hayo tangu mwanzo usiiwekee. Kwenye L100, pete ya sponji inayozunguka twita ndiyo inayooza, na inabadilishwa kwa unene uleule.

Kwa nini wote wanazisifu sumaku za aluniko? Ni za kweli au ni mazoea?

Aluniko ni aluminiamu, nikeli na kobalti. Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa kobalti, na vita vya jimbo la Shaba vilipofika Kolwezi mwezi Mei 1978, mji ambao mitaani mwake watu wanazungumza Kiswahili, bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa. Watengenezaji wa spika wakahamia kwenye feraiti, sumaku ya oksidi ya chuma. JBL na Tannoy wote walihama kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Kwa hiyo sababu ilikuwa bei, na feraiti iliyoundwa vizuri inalia vizuri. Tofauti inayokuhusu wewe fundi ni moja: aluniko inaweza kupoteza nguvu ikipigwa na wati nyingi kupita kiasi au ikianguka, na ikipoteza, woofa hulia kwa sauti ndogo kuliko pacha wake. Inaweza kuchajiwa upya kwa mashine ya kuchaji sumaku. Usinunue woofa nyingine kabla ya kupima hilo.

Boksi limepasuka vinia (tabaka jembamba la mbao la juu) na limevimba pembeni.

Mbao za chembe huvimba zikinywa maji, na hazirudi. Ila pembe iliyofumuka huokolewa: choma gundi ya mbao ndani kwa sindano, bana kwa klempu na mbao bapa mbili zilizofungwa plastiki, usiku mzima. Vinia iliyoinuka inaweza kushikwa upya kwa gundi na pasi ya nguo isiyo moto sana juu ya kitambaa. Usitumie mashine ya msasa. Vinia ina unene wa chini ya milimita moja, na kufika kwenye mbao za chembe ni sekunde tano. Msasa namba 320 kwa mkono, kufuata nyuzi za mbao, kisha mafuta ya kitani.

Pamba ya ndani ipime kwa mizani ya jikoni kabla ya kuitoa, urudishe uzito ule ule. Ikiwa ni nyuzi za kioo vaa barakoa na glavu. Mchwa akiwa ameshaingia, shughulikia mchwa kwanza.

Kitambaa cha mbele: kitenge hakifai, kimefumwa kwa kubana. Shika kitambaa mdomoni upulize. Ukihisi kizuizi, twita itahisi zaidi.

Ninaishi Tanga, spika ziko karibu na bahari. Kuna la ziada?

Ndiyo. Hewa ya chumvi hukuza kutu kwenye chuma cha mwanya wa sumaku, na kutu ikivimba inakwaruza koili hata ukingo ukiwa mpya. Ukingo wa sponji uhesabu kwamba utadumu muda mfupi kuliko ule wa Nairobi. Usiziegemeze kwenye ukuta wa nje, acha hewa ipite nyuma, na zipige angalau mara moja kwa wiki. Spika yenye tundu la besi ifungwe wavu mwembamba ndani ya tundu, maana mijusi na nyigu wanapapenda.

Nitajuaje nimefaulu?

Gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye woofa kwa nusu sekunde, chanya kwenye nyekundu. Koni isonge mbele, na zote mbili zifanye hivyo hivyo. JBL za enzi hizo ni kinyume: chanya kwenye nyekundu, koni inarudi nyuma, na hilo si kosa la fundi. Zikitofautiana, besi itapotea katikati ya chumba.

Kisha pima kwa maikrofoni ya vipimo na programu ya bure kama Room EQ Wizard: kila spika mahali pamoja, umbali wa mita moja, moja baada ya nyingine. Huhitaji mstari ulionyooka. Unahitaji mistari miwili inayofanana. Tofauti ya zaidi ya desibeli 2 mahali fulani inakuonyesha wapi pa kufungua: katikati na juu, tazama kizungusho au kapasita, chini, tazama uvujaji.

Nikitaka kuuza baadaye, ukarabati unashusha thamani?

Ukingo na kapasita, hapana. Twita zisizo za kwake, terminali zilizotobolewa na vinia iliyopakwa rangi, ndiyo. Weka kila kipande ulichotoa, hata kapasita iliyokufa, kwenye mfuko wenye namba ya spika, bandika karatasi yenye tarehe na thamani za zamani na mpya, uufunge ndani ya boksi kwa stapla, mbali na koni.